Meza nzito ya mbao kuukuu: mwongozo kwa asiyewahi kushika randa

Nyumba za zamani za Kileleshwa, Kilimani na Parklands jijini Nairobi zinabomolewa kila uchao kupisha maghorofa. Kwenye mapaa na sakafu zake hutoka mbao ambazo huwezi kuzipata kirahisi dukani siku hizi: mvule, podo, mwangati, na boriti za inchi nne kwa nne zilizokauka tangu babu zetu wakiwa vijana. Nyingi huishia chini ya sufuria za githeri pale pale kwenye mjengo. Na mbao mpya nayo si rahisi. Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, bei ilipaa, na hata baada ya Rais kutangaza kuondoa marufuku hayo Julai 2023, mnunuzi wa kawaida bado anatafuta pa kupumulia.

Anayeanza useremala huogopa viungo. Kwa meza ya mbao nzito, viungo ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye mbao yenyewe: kuichagua, kuing'oa misumari, kuikausha na kuinyoosha. Ukiharakisha hayo, hakuna gundi wala skrubu itakayokuokoa. Ndiyo maana nusu nzima ya mwongozo huu inapita kabla hatujakata kipande hata kimoja.

Meza ninayoieleza ni ya watu sita: urefu futi 6, upana inchi 30, kimo inchi 30. Haina kiungo cha patasi, na fremu yote inafunguliwa kwa spana. Hilo la kufunguka usilipuuze. Mtu wa Nairobi anahama, na ngazi za ploti nyingi hazikujengwa kwa kuwaza meza. Kabla ya kununua chochote, pima upana wa ngazi zenu mahali zinapokata kona, pima na mlango. Kama uso wa meza hautapita, utaujenga vipande viwili vya inchi 15 kila kimoja na kuvikutanisha ndani ya nyumba.

Mahali pa kutafuta

Penye ubomoaji, zungumza na msimamizi wa kazi, si kibarua anayebeba. Mara nyingi mali yote imeshauzwa kwa mtu mmoja aliyenunua nyumba kwa ujumla, naye ndiye wa kupatana naye. Omba risiti hata kama ni ya karatasi ya daftari, kwa sababu pikapu iliyojaa mbao huvutia maswali barabarani.

Soko la Gikomba lina wauzaji wa mbao mpya na kuukuu kwa pamoja. Nenda asubuhi siku ya kazi, wakati muuzaji ana subira ya kukugeuzia lundo. Industrial Area nako, viwanda na maghala hutoa kreti za mashine zilizoagizwa ng'ambo. Zile boriti za chini zilizobeba mashine ndizo unazozitaka, mbao za pembeni huwa nyembamba mno. Kreti na pali (zile fremu za mbao za kupangia mizigo) za kimataifa hupigwa muhuri: HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, na hiyo chukua. MB ni gesi ya methyl bromide. Hiyo iache huko huko.

Vitu viwili usivibebe kabisa, hata ukipewa bure. Kwanza ni mataruma ya reli. Yamelowa kreosoti, ile dawa nyeusi inayonuka lami, na nyumbani haitaacha kunuka wala kutoka jasho jua likiwaka. Pili ni nguzo za umeme na za simu. Zile zenye rangi ya kijani zimetibiwa kwa shaba, kromu na aseniki, na hakuna sababu ya kula chapati juu ya aseniki. Isitoshe, vyote viwili vina mwenyewe, na mwenyewe akitokea hutakuwa na la kusema.

Kuitambua mbao

Uliza, lakini usitegemee jibu sana.

"Fundi, hii ni mbao gani?"

"Hiyo ni mahogani, bosi."

Kila mbao nyekundu Nairobi ni mahogani mpaka uikwangue. Beba kisu kidogo, kwangua pembeni hadi upite rangi na vumbi, kisha tazama na kunusa. Mwangati ni mwekundu na unanukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Mti huo hasa ulitumiwa kutengenezea penseli. Podo ni ya manjano hafifu, laini, nyuzi zake hazionekani sana. Mvule ni wa dhahabu unaoelekea hudhurungi, mzito, na una mafuta kidogo ukiupapasa. Saiprasi ni nyepesi, yenye vifundo vingi na harufu ya kukata pua. Mkaratusi ni mzito na mgumu, na hupasuka ukiutazama vibaya. Kwa meza ya kwanza, uache.

Ukipata mvule umepata, lakini kuna mambo mawili. Vumbi lake huwasha pua, macho na ngozi, kwa hiyo barakoa ni lazima. Na ndani yake hujificha vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo mti wenyewe huvitengeneza ukiwa hai. Msumeno ukikigonga, meno yamekwisha.

Kwa mkono wa kwanza mimi ningechagua podo au saiprasi kuukuu. Inakatika kwa urahisi na inasamehe.

Ukishajua aina, angalia afya. Lala chini usawa wa mbao, funga jicho moja, tazama kutoka ncha hadi ncha. Iliyopinda kama upinde inaweza kunyooshwa kwa randa. Iliyojinyonga, ncha moja ikielekea huku na nyingine kule, irudishe kwenye lundo. Bonyeza kwa kisu karibu na ncha na mahali palipogusa ukuta. Kisu kikizama kama kwenye sabuni, pameoza. Vitundu vidogo vya dumuzi si tatizo vikiwa vya kale. Gonga mbao juu ya gazeti: unga mpya, mweupe, laini, ukianguka, wenyeji bado wamo ndani.

Rangi ya zamani nayo ni ya kuangaliwa. Rangi za miongo iliyopita nyingi zilikuwa na risasi, na ukiisugua kikavu kwa msasa unaivuta mapafuni wewe na watoto. Chagua mbao za paa au za chini ya sakafu, ambazo hazikupakwa. Zikiwa na rangi, ilainishe kwa kemikali ya kutolea rangi, ikwangue ikiwa mbichi, na kusanya magamba yote kwenye mfuko.

Kiasi cha kununua

Mbao Nairobi hupimwa kwa inchi na kuuzwa kwa futi. Vipimo vifuatavyo ni kabla ya randa:

- Nane kwa mbili, vipande vinne vya futi 6 na nusu: uso wa meza
- Nne kwa nne, futi 10: miguu
- Sita kwa mbili, futi 15: fremu
- Tatu kwa mbili, futi 2: mbao ya kati

Ongeza kama sehemu moja ya tano juu ya hayo, maana mbao kuukuu ina ncha zilizopasuka na matundu mahali usipotaka. Bei ya lundo lote huwa nafuu kuliko ya kuchagua moja moja, ila hakikisha unachokilipia si kuni.

Misumari

Hapa ndipo wengi wanapochoka. Msumari mmoja uliobaki unaweza kuvunja visu vya mashine ya randa, na mwenye mashine atakudai wewe. Wengine hawaipokei mbao kuukuu mpaka waipapase wenyewe.

Tafuta sumaku. Ya spika iliyokufa, kutoka kwa fundi yeyote wa redio, inatosha na inazidi. Ipitishe taratibu juu ya kila uso na kila ubavu. Ikivuta, weka alama ya chaki. Msumari wenye kichwa unang'oka kwa mtarimbo mdogo, ukiweka kibao chini ya mtarimbo usiichubue mbao. Uliovunjika kichwa, upige kwa nyuma, kwenye ncha, hadi utokeze uushike kwa koleo. Ule ulioozea ndani kabisa, chimba kwa biti nyembamba ya drili pande zake mbili, uuachishe, uuvute. Shimo linalobaki ni pambo. Doa jeusi la kutu linaloizunguka tundu ni pambo zaidi, na ndilo litakaloifanya meza yako isifanane na zile zinazouzwa kando ya barabara ya Ngong Road.

Ukimaliza, pitisha sumaku tena. Kisha sugua kwa brashi ya waya, kwa kuwa mchanga na saruji iliyoganda huua randa sawasawa na msumari.

Kukausha

Mbao ya miaka sitini ni kavu, lakini kama imelala nje kwenye mjengo mvua za Machi hadi Mei, imekunywa. Ipange ndani au chini ya bati, si juani, ukiweka vibao vyembamba kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite. Vibao hivyo vikae mstari mmoja toka chini hadi juu, la sivyo mbao itajifunza kupinda.

Chukua kipande kimoja kidogo cha lundo hilo hilo, kipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari. Hakuna kalenda nyingine ya kuamini. Kama unaishi kwenye fleti, mwisho wa safari iweke wiki moja au mbili katika chumba ambacho meza itakaa.

Mashineni

Kunyoosha nane kwa mbili kwa randa ya mkono ni zoezi zuri la mabega, lakini usianzie hapo. Peleka kwa mwenye mashine na umwagize hivi: uso mmoja unyooshwe kwanza, kisha ubavu mmoja uwe mraba na uso huo, kisha unene, mwisho ubavu wa pili. Ukimwambia tu "piga randa", atapitisha pande mbili, na mbao iliyopinda itatoka imepinda vile vile, ila laini.

Nane kwa mbili itabaki inchi 7 na nusu kwa 1 na robo tatu. Nne kwa nne itabaki 3 na nusu kila upande. Sita kwa mbili ipasuliwe iwe na upana wa inchi 4 na robo. Masalio yake yabebe, utayahitaji kwa kabari. Nyuso za juu za meza, kama unapenda alama za msumeno wa zamani, mwambie ausafishe upande wa chini na kuugusa tu wa juu.

Uso wa meza

Kuna wanaoacha nyufa kati ya mbao na kuita hiyo sanaa. Kwa meza ya bustani, sawa. Kwa meza ya kulia, wali utaingia humo na sisimizi watafuata. Gundisha.

Panga mbao nne sakafuni, uzigeuzegeuze hadi upendezwe, kisha chora pembe tatu kubwa ya chaki inayopita juu ya zote. Baadaye pembe hiyo itakuonyesha kila moja mahali pake. Kutanisha mbavu mbili uzitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Mwanga ukipita, rudi mashineni. Gundi haijazi pengo.

Klampu ndefu, vile vibano vya kubania mbao, ni ghali, na huzihitaji. Chukua mbao tatu chakavu za futi 3 na nusu, kila moja uipigilie vizuizi viwili imara, nafasi kati yavyo ikiuzidi upana wa meza kwa inchi mbili. Tandaza karatasi ya nailoni juu yake, weka mbao zilizopakwa gundi nyeupe ya mbao, halafu jaza ile nafasi kwa kabari mbili mbili zinazokabiliana. Gonga kabari kwa zamu hadi matone ya gundi yatokeze mstari mzima. Yasipotokeza, gundi ni kidogo; yakimwagika, umezidisha. Weka mitungi ya maji ya lita 20 juu ili mbao zisiinuke katikati. Acha hadi kesho yake. Gundi iliyotokeza, ikwangue ikiwa kama jibini, usiipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Baada ya hapo kata ncha zote mbili ziwe mraba, inchi 72. Uso wa podo au saiprasi utakuwa na kilo kama 30, wa mvule kama 40. Mwite jirani.

Fremu

Kata miguu minne, kila mmoja inchi 28 na robo. Kata mbao mbili ndefu za inchi 56 na mbili fupi za inchi 26. Usipime kila kipande kwa tepu. Pima wa kwanza, kisha huo uwe kipimo cha wenzake. Miguu minne inayolingana na isiyotimiza kipimo kwa nusu inchi ni bora kuliko minne sahihi kila mmoja kwa namna yake.

Muundo ni huu. Mbao ndefu zinapita upande wa ndani wa miguu, zikiishika miguu miwili ya upande mmoja. Mbao fupi zinapita nje, kwenye ncha za meza, zikiunganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Zote zinalingana na kichwa cha mguu. Kila mguu unapata boliti nne za inchi 6 zenye unene wa nane-tatu, yaani 3/8: mbili kupitia mbao ndefu, mbili kupitia fupi. Jumla 16, pamoja na washa pana kila upande.

Angalia hapa. Boliti za pande hizi mbili zinapita ndani ya mguu mmoja, na zikiwa kimo kimoja zitagongana. Kutoka kichwa cha mguu, toboa za mbao ndefu kwenye inchi robo tatu na 2 na robo tatu. Za mbao fupi kwenye 1 na robo tatu, na 3 na nusu. Andika hivyo kwa penseli kwenye kila mguu kabla ya kushika drili.

Toboa ukiwa umebana mbao na mguu pamoja, ili tundu liwe moja. Biti ya milimita 10 ni sawa. Drili ikiegemea, tundu litatokea kwingine; weka skwea (rula ya pembe mraba) wima kando ya biti, na mwenzako atazame kutoka upande wa pili. Kaza kwa mkono kwanza, zote 16, fremu ikiwa imepinduliwa sakafuni. Pima kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba, kaza kwa spana. Visipolingana, sukuma kona ndefu hadi vilingane.

Mwisho weka ile tatu kwa mbili katikati, kati ya mbao ndefu, urefu wake ukiupima hapo hapo, na uishike kwa skrubu mbili kila upande. Toboa njia ya skrubu kwanza. Mbao kavu hupasuka.

Kuushika uso kwenye fremu

Mbao haiongezeki urefu, inaongezeka upana. Mvua za Oktoba zikija, uso wa inchi 30 unaweza kutanuka hadi robo inchi, na kiangazi cha Januari utaunywea. Ukiupigilia skrubu moja kwa moja kwenye fremu, hautakuuliza: utapasuka.

Nenda Kamukunji, kwa mafundi wa chuma. Waambie wakukatie vipande vinane vya chuma cha pembe cha inchi moja na nusu, kila kimoja urefu wa inchi 2 na nusu. Ubawa mmoja utobolewe matundu mawili ya duara. Ubawa wa pili utobolewe tundu moja refu, linalofuata urefu wa kipande. Vipande viwili tu viwe na duara hapo. Vitatu vinakaa upande wa ndani wa kila mbao fupi, kile cha duara kikiwa katikati, na viwili vya tundu refu kwenye mbao ya kati. Skrubu inapita tundu refu ikiwa na washa, nayo ikazwe kiasi, isisagwe. Uso utashikwa katikati na kuteleza pembeni. Skrubu za inchi moja na robo zinatosha. Za inchi mbili zitachungulia juu.

Simamisha meza. Ikitikisika, iweke mahali palipo sawa kweli, tia kabari chini ya mguu mfupi hadi uso ulale sawa, kisha weka penseli juu ya kibao chembamba na uzungushe mstari kwenye miguu yote minne. Kata hapo.

Kusugua na kupaka

Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, siku zote kufuata nyuzi. Usisugue hadi meza isahau ilikotoka; kingo zilainishwe zisichane mkono, basi.

Usipake oili chafu ya gari. Inafaa kwenye nguzo za ua, na kuna mafundi watakaokushauri hivyo kwa moyo safi, lakini hii ni meza ya chakula. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka tatu nyembamba, kila moja ukiipangusa baada ya robo saa na kuiacha ikauke kabisa, hukupa rangi ya asali na hutengenezeka kwa urahisi sufuria ikiacha alama. Vanishi huzuia chai vizuri zaidi, ila ikichubuka lazima usugue upya meza nzima. Nyumba yenye watoto wadogo, ningetia vanishi. Nyumba nyingine, mafuta. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, tabaka moja la mafuta laweza kuchukua siku kadhaa kukauka.

Vitambaa ulivyopakia mafuta usivikunje na kuvitupa pipani. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Vitandaze nje kimoja kimoja juu ya zege hadi vikauke vikakamae, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kupandisha ngazi, fungua zile pembe za chuma na boliti za mbao ndefu tu. Unabaki na uso, mbao mbili ndefu ambazo bado zimeshikana na ile ya kati, na jozi mbili za miguu zilizoshikwa na mbao zake fupi. Kila boliti irudishe kwenye tundu lake na kuifunga nati kwa vidole ili isipotee njiani. Mkishaiunga tena ndani, kaza zote kwa spana, na mwezi mmoja baadaye pitia tena nati zote 16, kwa sababu mbao inayozoea chumba kipya hunywea kidogo na kuzilegeza.